Siku moja ya Kris Bryant

Kila Julai inapoelekea ukingoni, dirisha la kubadilishana wachezaji wa besiboli Marekani likikaribia kufungwa, hakosekani mtu wa kusema: wanalipwa mamilioni, wakihamishwa waende, kelele za nini? Mwaka huu nimeambiwa tena, na imenichoma.

Sisi wa Simba na Yanga tunajua klabu mbili zikielewana, mchezaji bado ana neno lake. Besiboli si hivyo. Unapigiwa simu, kesho uko mji mwingine na mkataba wako umekufuata vilevile ulivyo. Wanaoweza kukataa ni walioandikiwa hivyo kwenye mkataba, au waliocheza ligi kuu miaka 10, mitano ya mwisho wakiwa na timu hiyohiyo. Wangapi hao?

Na hayo mamilioni yenyewe hayaji mapema. Kijana akipanda ligi kuu, timu inamshikilia miaka 6 kabla hajawa huru kujiuza. Ile mitatu ya mwanzo, wengi wanapokea karibu na kima cha chini, hata wakicheza kuliko wote uwanjani. Na ili ahesabiwe mwaka mmoja kamili, lazima awe ligi kuu siku 172 katika msimu.

Sasa mtazame Kris Bryant, aliyekuwa chipukizi wa timu ya Chicago Cubs. Mwaka 2015, kwenye mechi za maandalizi, aliupiga mpira ukavuka uzio mara 9. Cubs wakamrudisha ligi ndogo, ile ya kukuzia wachezaji, wakisema anoe ulinzi wake. Wakampandisha Aprili 17. Msimu ulipoisha alikuwa na siku 171. Siku moja! Siku moja ikawapa Cubs mwaka mzima zaidi wa kummiliki. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, Cubs wakachukua ubingwa walioukosa tangu 1908, naye alilipwa dola 652,000. Akapeleka malalamiko kwa msuluhishi; mwanzoni mwa 2020 akashindwa.

Angekuwa na siku ile, angekuwa huru mwisho wa 2020. Badala yake, Julai 2021 Cubs walimpeleka timu ya San Francisco wakapewa vijana wawili, na watu walimwona akifuta machozi. Huyo ndiye tunayemwambia aache kelele?

Nakubali, shingo upande, kwamba baadaye timu ya Colorado ilimpa dola milioni 182. Nakubali pia kwamba tangu 2022 chipukizi wanaoshika nafasi mbili za juu katika kura za mchezaji chipukizi bora wanahesabiwa mwaka kamili. Hiyo inawafaa nyota. Wengi miili inachoka kabla miaka 6 haijatimia, na fedha zile kubwa hawazioni kamwe.

Mkataba kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1, 2026. Chama kikikaa mezani, kidai hiki kabla ya chochote: miaka ya kushikiliwa ipungue, na timu isiwe na faida yoyote ya kumficha ligi ndogo kijana aliyekwisha kuiva.