Ndoo Kumi na Moja

Niseme mapema kwamba programu ninayofundishia mtandaoni haikukosea hata mara moja. Punda naye, ambaye huku Amu, yaani Lamu, husingiziwa kila kitu, safari hii hana kesi. Kosa lilikuwa langu, mimi na simu yangu niliyoitegesha juu ya kinu.

Kila Jumamosi hufundisha Kiswahili wageni walio mbali, nikiwa nyumbani mtaa wa Mkomani. Wako 11: sita Ujerumani, wanne New York na mmoja Osaka. Kipindi ni saa kumi jioni, na saa hiyo niliichagua makusudi, iangukie kati ya Alasiri na Magharibi. Mji huu una misikiti mingi na kila mmoja una spika zake. Ukipanga somo juu ya adhana utafundisha kwa ishara. Mwezi wa Novemba, saa kumi yetu ni saa nane mchana Berlin, saa mbili asubuhi New York na saa nne usiku Osaka. Hiyo saa nne usiku niliiandika hivyo hivyo kwenye tangazo la kwanza. Mwanafunzi wa Osaka akatega kengele ya saa 4:00 alfajiri, akaingia darasani, akakaa peke yake nusu saa akitazama ubao mtupu. Tangu hapo naandika 16:00 na jina la mji, basi.

Darasa lenyewe ni BigBlueButton, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton kule Ottawa, Kanada, mwaka 2007. Naipenda kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya kufundisha. Ina ubao ambao mwalimu anaweza kuufungulia darasa zima, kila mtu akachora kwa wakati mmoja na jina lake likaonekana kwenye mshale wake. Inafunguka ndani ya kivinjari, hupakui kitu. Na juu ya skrini huonyesha jina la anayesema wakati huo. Likumbukeni hilo la jina.

Shida ilikuwa nyumba. Nyumba yetu ni ya mawe ya kale, kuta za matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Zilijengwa kuzuia joto, macho ya watu na, bila fundi kukusudia, mtandao wa simu. Chumba kinachofaa kufundishia ni ndani kabisa, kule nyuma kwenye vidaka vya chokaa, kwa kuwa ndiko kimya. Lakini huko simu haipati hata mstari mmoja. Mtandao unashuka kiwandani tu, yaani uani, pale uwazi wa nyumba unapotazama mbingu. Juu darini upo mwingi zaidi, ila na upepo pia upo, na upepo ukiingia kwenye maiki wanafunzi husikia jahazi linalozama.

Nikapanga hivi. Simu ikae kiwandani, juu ya kinu kilichofudikizwa, igawe mtandao kwa hotispoti. Masafa niliyachagua ya gigahezi 2.4, kwa sababu ya 5 yana kasi zaidi lakini ukuta mmoja tu wa mawe huyamaliza. Simu nikaichomeka pawabenki na kuiamuru isizime kioo, maana kivinjari cha simu kioo kikizimika huweza kulala na kukutoa darasani. Mimi na laptopu tukakaa ndani, hatua kumi kutoka hapo, hedifoni masikioni.

Bando nalo nililipigia hesabu. Picha ya kamera ya kilobiti 200 kwa sekunde, ukigawa kwa 8 na kuzidisha kwa sekunde 3,600, ni megabaiti 90 kwa saa. Wanafunzi 11 wakiwasha kamera zote, saa moja inakula megabaiti 990, yaani gigabaiti nzima imekwenda na hujafika kwenye ngeli ya pili. Sauti peke yake, kwa kilobiti 40, ni megabaiti 18 tu. Kwa hiyo kwangu kamera huwashwa dakika tano za salamu, kisha zinazimwa. Picha za somo nazipandisha mapema kama PDF, kurasa nane, kwa kuwa programu inahitaji muda wa kuzigeuza ukurasa kwa ukurasa, na ukipandisha faili la aina nyingine maandishi huhama mahali pake.

Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili. Ndipo nikataka kuwa na akili zaidi.

Nilijiuliza: laptopu ikizima katikati ya somo je? Nikaamua kuingia darasani mara mbili, mara ya pili kwa ile simu ya kiwandani, iwe akiba. Nikaiandikisha jina “Mwalimu 2”, nikaipa usimamizi. Programu ilipouliza, kama inavyouliza kila mtu, iwapo nataka kuingia na maiki au kusikiliza tu, nikachagua maiki. Ikanifanyia jaribio la mwangwi, nikajisikia vizuri, nikakubali. Nikaiacha pale juu ya kinu, spika juu, maiki wazi, nikaenda zangu ndani.

Sikuona mambo mawili. La kwanza, akiba ile ndiyo ilikuwa chanzo cha mtandao wa laptopu. Simu ikikata, zote mbili zimekata. Nilifunga kamba mbili kwenye kigingi kimoja nikajiona baharia. La pili, kiwanda si changu. Kiwanda ni cha shangazi.

Somo lilikuwa vyombo vya jikoni, na mchezo ni rahisi: nataja chombo, wote wanachora ubaoni, kisha kila mmoja anawasha maiki yake na kulirudia neno. Tulianza na mbuzi. Nusu ya darasa ikachora mnyama mwenye ndevu, kama nilivyotarajia, nami nikapata nafasi ya kueleza kwamba mbuzi wa kuchunga ni “huyu” na mbuzi ya kukunia nazi ni “hii”. Kisha nikauliza, “Nani ataniambia, maji tunachotea nini?”

Sauti ya kike ikajibu, “Kata! Hujui hata kata, baba?”

Nilimsikia shangazi waziwazi, nikacheka. Nikadhani sauti imepenya ukutani. Ukuta wa nusu mita! Ukuta ambao siku zote hauwezi kupitisha hata mtandao wa simu! Kumbe nilimsikia kwenye hedifoni, kama walivyomsikia watu wa Berlin. Naye alikuwa amenisikia kwenye simu, akaona adabu kumjibu mtoto wa nduguye anayeuliza jambo dogo hivyo. Kwenye chati mtu akaandika, “Asante Mwalimu 2.” Sikuisoma. Nilikuwa natafuta kifuniko cha chupa ya chai.

Nikawaambia wajaribu kuchora kata dakika mbili, nikazima maiki ya laptopu, nikavua hedifoni, nikamimina chai. Yaliyotokea katika dakika mbili hizo nimeyakusanya kwa mashahidi.

Shangazi alikuwa anafua na maji yakamwishia. Mjukuu wake wa miaka minane alikuwa barazani nje, akicheza. Shangazi akapaza sauti: “Wee! Ndoo! Ndoo hapa nikutume! Mai yamekwisha!”

Sisi wa Amu “njoo” tunasema “ndoo”. Njia kwetu ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, maji ni mai. Lakini darasa langu linasoma Kiswahili sanifu, na katika sanifu ndoo ni chombo cha kutekea maji, kimo kwenye ukurasa wa tano wa PDF yangu, na picha yake ipo. Juu ya skrini jina liliwaka: Mwalimu 2. Mwalimu wa pili ametaja chombo. Wakachora.

Kisha, kama nilivyowafunza, wakawasha maiki na kurudia. Watu 11 walioko nchi tatu hawawezi kusema neno kwa pamoja. Mtandao humfikishia kila mmoja kwa wakati wake. Kwa hiyo pale juu ya kinu ikawa: “Ndoo. Ndoo! Ndoo? Ndoo. N-doo.” Kama matone ya kwanza ya vuli juu ya bati.

Mtoto, ambaye kwa bibi yake alikuwa amejifanya kiziwi, alipoona sasa anaitwa na kaumu nzima, akaingia mbio. “Nimekuya!”

Akatazama huku na huku. Bibi ameinamia beseni. Sauti zinatoka kwenye kinu.

“Hujambo!” ikasema simu.

“Sijambo.”

“Unaitwa nani?”

Akalitaja jina lake. Na huyu ndiye mwanafunzi wangu wa Osaka, saa nne na robo usiku, mtu makini ambaye hapendi kuacha jambo bila kulithibitisha: “Wewe ni Mwalimu 3?”

Wakati huo nikarudisha hedifoni masikioni, nikainua macho. Ubaoni kulikuwa na ndoo kumi na moja. Nyingine zina mshikio, nyingine hazina, moja imepigwa kivuli kwa ustadi kabisa. Na ndani ya ndoo ya mama mmoja wa Berlin mlikuwa na mayai matatu. Baadaye alinieleza mantiki yake, nami sina la kumlaumu: alisikia “mai yamekwisha”, neno “mai” halijui, akaangalia kiambishi, akaona “ya-”, akahukumu kuwa ni mayai yaliyotamkwa haraka. Ngeli ni sahihi. Mayai na maji yote ni ya-. Kwa sarufi ningempa alama zote.

Kabla sijafahamu lolote, mlango ukafunguka. Kijana amesimama kizingitini, ambapo mtandao ulikuwa haujakatika bado, simu mkononi ameinyanyua kama taa.

“Ami, kuna wageni wananiita.”

Nikawasha maiki ya laptopu niulize nani amewaambia wachore ndoo. Sikufika hata “nani”. Maiki ya laptopu ikaisikia spika ya simu; spika ya simu ikatoa kile ilicholetewa na maiki ya laptopu; kikazunguka, kila mzunguko kikiongezeka. Programu huweza kuufuta mwangwi wa spika ya chombo chake chenyewe, lakini haiwezi kujua kwamba chombo cha pili kiko chumba kimoja nacho, mkononi mwa mtoto anayezidi kukisogeza karibu ili nisikie vizuri. Ikatoka sauti ambayo siwezi kuiandika. Punda wa jirani aliijibu.

Dawa yake ilikuwa kubonyeza mara moja: kwenye orodha ya watu, gusa Mwalimu 2, mzime maiki. Ningeweza hata kunyamazisha wote isipokuwa mwenye ubao. Haya ninayajua, na huwafundisha walimu wenzangu. Nilichofanya ni kumnyang'anya mtoto simu na kuitia hali ya ndege.

Kukawa kimya. Kimya kizuri sana, kwa sekunde kama tatu. Kisha laptopu ikaniambia kwamba haina mtandao.

Kurudi kulichukua dakika nne. Kuzima hali ya ndege, kungoja data ishike (na ndani haishiki, ikabidi nitoke nayo kiwandani mbele ya shangazi, asiyeuliza ila macho yanauliza), kuwasha hotispoti ambayo huwa haijiwashi yenyewe, kurudi ndani, kungoja laptopu iione, kufungua ukurasa upya, jaribio la mwangwi tena. Nilipoingia hakuna aliyeondoka. Ubao ulikuwa bado wazi kwa wote, na ndoo zilikuwa zimepakwa rangi. Kwenye chati nilikuta swali moja, limeandikwa na watu watatu tofauti: Mwalimu 2 atarudi lini?

Nikawaeleza. Nilitaka kupita haraka, lakini wakataka yote: nj kuwa nd, ch kuwa t, na kwa nini vitabu vyao havina hayo. Nikawaambia kwamba mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo Mwamu anayefundisha hulazimika kuwa na ndimi mbili, ya darasani na ya kiwandani. Vyombo vya jikoni hatukuvimaliza. Kinu, upawa na kifumbu viliahirishwa, na dakika ishirini zilizobaki ziliishia kwenye ndia na ndaa.

Siku hizi simu huingia darasani bila sauti kabisa, haipewi maiki wala spika, na jina lake ni “Simu tu”. Akiba ya kweli nimeiweka kwenye laini ya mtandao mwingine, ndani ya simu ndogo ya pili, ambayo hulala imezimwa mpaka ihitajike. Ubao naufungulia wote pale tu ninapokuwa nautazama. Chai nanywa kabla.

Shangazi alipoelezwa kwamba watu wa nchi tatu walimdhania kuwa mwalimu, hakushangaa. Aliuliza tu kama mwalimu wa pili naye hulipwa. Hilo bado tunalijadili. Aliyeharibika ni mjukuu. Sasa akiitwa haji tena mbio. Hutoa kichwa tu mlangoni, akauliza kwa heshima zote:

“Bibi, ndoo ya mai au ndoo ya kuya?”