Mgonjwa wa Macho Haendi Hospitali, Hupelekwa

Kambi ya macho ikifungwa, lawama hurudi palepale: watu waliandikiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoziba lenzi ya jicho, hawakuja. Wataalamu wengi husema tatizo ni uelewa mdogo, watu waelimishwe. Kuna ukweli ndani yake. Wapo wanaoogopa kisu jichoni, wapo wanaoanzia kwa mganga, na wapo wanaosubiri mtoto wa jicho "aive". Ila hilo la kuiva halikuzuka kijijini. Zamani, kwa mbinu za wakati ule, madaktari wenyewe ndio waliowaambia wagonjwa wangoje mpaka lenzi ikomae. Mbinu zimebadilika, lenzi bandia zimekuja, lakini neno lile la kwanza bado linatembea.

Mimi nataka sehemu ya fedha itumike kumfuata mgonjwa nyumbani na kumfikisha hospitali. Hoja ya fedha dhidi ya hilo ni nzito zaidi. Upasuaji wenyewe huweza kumalizika chini ya nusu saa, lakini nyuma yake kuna lenzi, dawa, hadubini na daktari bingwa ambaye mikoa mingi haina wa kutosha. Msimamizi wa hospitali akiuliza ni macho mangapi yatakosa lenzi iwapo shilingi itakwenda kwenye nauli na posho za wahudumu wa afya ya jamii, anauliza swali la haki.

Ninachokataa ni kumwona mgonjwa kama mtu anayeamua peke yake. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro juu ya sababu za watu kukubali au kutokubali upasuaji huu. Ulionyesha kwamba uamuzi ni wa familia, na kwamba wazee wengi husita kuwaomba watoto wao msaada. Aliyelelewa kwetu hahitaji kufafanuliwa hilo. Bibi wa Rombo ambaye haoni tena vizuri hawezi kupanda gari peke yake hadi Moshi. Anahitaji mtu wa kumshika mkono, naye mtu huyo ataacha kibarua, atalipa nauli yake na ya bibi, atakula na kulala mjini, kisha atarudi naye siku ya kukaguliwa. Bibi anajua mwanawe ana ada ya shule ya kulipa. Basi anasema, "Mimi nimeshazeeka, naona hivyo hivyo." Daktari anaandika kwamba mgonjwa amekataa. Mimi naona mama anayemhurumia mwanawe.

Kwa hiyo hata upasuaji ukiwa bure kabisa, bibi huyu bado ana gharama, na iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kuomba.

Kuna takwimu moja kutoka Kenya ambayo siachi kuifikiria. Huko Trans Nzoia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, walimu walipima macho ya wanafunzi katika shule 50. Nusu ya shule zilifuata utaratibu wa kawaida: kadi ya kupimia na karatasi ya rufaa. Nusu nyingine walimu walitumia simu yenye programu ya kupimia macho iitwayo Peek, na wazazi wakawa wanatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Kwenye kundi la karatasi, asilimia 22 ya watoto waliopewa rufaa walifika hospitali. Kwenye kundi la simu, asilimia 54.

Wengi huishia kushangilia 54. Mimi hubaki na 22. Karibu watoto wanne kati ya watano walikuwa wameshapimwa, tatizo limeonekana, karatasi iko mkononi, na hawakufika. Je, wazazi wao walikuwa wajinga kuliko wazazi wa shule za pili? Ilikuwa kaunti ileile na watu walewale. Kilichobadilika ni kwamba kuna aliyewafuatilia. Na hata 54 yenyewe inasema jambo: karibu nusu hawakuja pamoja na kukumbushwa, kwa sababu ujumbe wa simu haulipi nauli wala haumshiki mtu mkono.

Hapo ndipo swali la msimamizi linapojibika, angalau kwa sehemu. Chumba cha upasuaji kilichoandaliwa kwa wagonjwa 20 wakaja 8 bado kina wauguzi na daktari wa kulipwa. Hospitali za Aravind nchini India, zilizoanza Madurai mwaka 1976 na vitanda 11, zimezoea kuwachukua kwa basi wagonjwa wanaokutwa na mtoto wa jicho kambini, wakafanyiwa upasuaji na kulishwa bila malipo. Kwao basi ni sehemu ya matibabu. Sisemi Kilimanjaro ni Madurai. Milima yetu ina njia za pikipiki tu mahali pengine, na hospitali zetu hazina wagonjwa wengi kiasi kile wa kugawana gharama. Lakini fedha ya kumfikisha mgonjwa haimnyang'anyi mwingine lenzi ikiwa lenzi hiyo ingebaki kabatini.

Wanaoumia zaidi ni wanawake. Duniani, zaidi ya nusu ya wasioona ni wao. Sehemu ya sababu ni kwamba wanaishi muda mrefu zaidi, sehemu ni kwamba hawafikiwi na huduma kama wanaume. Mjane asiye na fedha mkononi ndiye wa mwisho kuomba.

Mtetezi wa mgonjwa ninayemtaka ni mtu wa kijiji kilekile, mhudumu wa afya ya jamii anayejua mwana yupi yuko Arusha na binti yupi ameolewa jirani. Aje nyumbani, akae na watoto, aseme yeye lile ambalo mama hawezi kulisema. Tarehe ya upasuaji iandikwe siku hiyo, na pembeni yake jina la atakayemleta.