Creedence hawana deni na mtu

Kwenye bendi kumi bora za roki za nyakati zote naiweka Creedence Clearwater Revival, tena si ya kumi. Wanaonipinga wana hoja tatu, siku zote ni zile zile: bendi haikudumu, haikubuni jipya, na haikuwahi kushika namba moja.

Hiyo ya mwisho ni nyepesi. Ni kweli kwamba kwenye chati ya nyimbo ya Billboard kule Marekani waliishia namba mbili, tena mara tano. "Proud Mary", "Bad Moon Rising" na "Green River" zote zilikwamia hapo. Upande wa albamu, Green River na Cosmo's Factory zilifika kileleni, lakini hilo halitajwi. Anayeona "Bad Moon Rising" ni wimbo mdogo kwa kuwa ulikosa ngazi moja tu, namwachia hesabu zake.

Kuhusu kudumu, albamu yao ya kwanza kwa jina hilo ilitoka 1968, na 1972 bendi ikavunjika. Sasa tazama 1969 peke yake. Walitoa Bayou Country, Green River na Willy and the Poor Boys, zote mwaka huo mmoja, na Agosti wakapanda jukwaani kwenye tamasha kubwa la Woodstock. Mwaka uliofuata wakaja na Cosmo's Factory. "Down on the Corner" na "Fortunate Son" zilikuwa pande mbili za santuri moja! Kuna bendi zilizodumu miaka thelathini ambazo zingetoa chochote kuwa na santuri kama hiyo.

Kwenye ubunifu, wapinzani wangu wana la kusema. Wakati bendi jirani za San Francisco zikivuta wimbo mmoja hadi usiku ukaisha, vijana hawa wa El Cerrito, ng'ambo ya ghuba, walikuwa wanarudi kwenye rock'n'roll ya miaka ya 50, bluzi na kantri. (Toleo lao la "I Heard It Through the Grapevine" lina dakika kumi na moja, na sijawahi kutamani liishe mapema.) Mwimbaji wao John Fogerty aliimba mabwawa ya Louisiana, kusini mwa Marekani, kana kwamba alizaliwa humo, ilhali ni mtoto wa California. Wengine wanauita huo uigizaji. Sawa, ni uigizaji, ila nionyeshe aliyeuweza hivyo. Halafu sikiliza "Fortunate Son": dakika mbili na ushei tu, na hasira yote dhidi ya wana wa wakubwa waliokwepa vita vya Vietnam imeingia humo. Fogerty na mpiga ngoma Doug Clifford walikuwa wamepitia jeshi la akiba, kwa hiyo hawakuwa wakisimulia ya kusikia.

Swali gumu kweli ni jingine, nami nashangaa haliulizwi zaidi: je, hii ilikuwa bendi au mtu mmoja na wasindikizaji? John alitunga, aliimba, alipiga gitaa la kuongoza na kutayarisha muziki. Kaka yake Tom, mpiga gitaa la rithimu, akachoka na kuondoka 1971. Kwenye Mardi Gras ya 1972, Clifford na mpiga besi Stu Cook wakapewa zamu ya kutunga na kuimba, na albamu ikachanwachanwa na wahakiki. Ushahidi unaonekana kumalizika hapo.

Lakini sikiliza kazi za John akiwa peke yake. Albamu yake Centerfield ya 1985 ilishika namba moja na ina vibao vizuri, ila mwendo si ule. Clifford hakuwa fundi wa mbwembwe; alipiga mdundo usioharakishwa na chochote, besi ya Cook ikamkalia chini yake, na gitaa la Tom likaziba nafasi zote bila kujionyesha. Walianza kupiga pamoja wakiwa bado wanafunzi, na mazoea ya namna hiyo hayakodishwi studio.

Kwa hiyo nawaweka namba sita. Juu yao wapo Beatles, Rolling Stones, Led Zeppelin, Pink Floyd na The Who. Chini yao, ndiyo, wapo Queen. Nawapenda Queen, na jukwaani sijui nani angemweza mwimbaji wao Freddie Mercury. Ila kwenye albamu zao kuna nyimbo ninazoziruka, na kwenye Green River siruki hata mmoja.