Teke la .375 na masikio ya traka

Mwaka huu nimechoka na breki. Sisemi breki za Land Cruiser, hizo hazijawahi hata kunitosha. Nasema kile kipande cha chuma chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili bunduki kubwa isimuumize mgeni bega.

Nafanya kazi kambini kusini mwa Tanzania, namsaidia mwindaji bingwa. Kwa mbogo huruhusiwi kushika bunduki iliyo chini ya .375, yaani upana wa risasi kwa inchi, kwa hiyo wageni wengi huja na .375 H&H Magnum, risasi iliyozaliwa Uingereza mwaka 1912 na bado inadunda. Kichwa chake cha gramu 19 na ushei kinatoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Teke lake, yaani ule msukumo wa kurudi begani, ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, risasi ndogo zaidi ambayo mgeni ameizoea kwao.

Breki inafanya kazi, tusidanganyane. Gesi ya baruti ikifika mdomoni inachepushwa pembeni na nyuma, bunduki inavutwa mbele, bega linapumua. Na kama tundu limetobolewa katikati sawasawa, shabaha haiharibiki. Lakini ule mlio hauendi mbinguni. Unamwendea aliyesimama ubavuni, naye ni traka, mfuata nyayo za wanyama, kashika fimbo tatu za kuegemezea bunduki, masikio wazi kwa sababu kazi yake ni kusikia. Msimu uliopita mgeni mmoja alifyatua mara mbili tu, mzee wetu wa nyayo akashinda ananijibu kwa kutikisa kichwa mpaka jioni.

"Mwanangu," akaniambia, "teke halijaisha. Limehamia kwangu."

Mimi, badala ya breki, ningeanza na uzito. Bunduki ya kilo 4 ukiiongezea nusu kilo, nguvu ya teke inashuka kama asilimia 11, na hujagusa mtutu wala risasi. Wengine hutoboa kitako na kukijaza madini ya risasi. Kuna wanaouza mirija ya zebaki ya kutia kitakoni, ila naona unachonunua pale ni uzito uleule kwa bei ya kujidai. Kisha mpira mzuri kitakoni, na urefu wa kitako uendane na mkono wa mpigaji: kitako kifupi na darubini iliyosogea mno jichoni ndivyo vinavyoacha lile kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi. Vichwa vyepesi navyo hupunguza teke, lakini hutua pengine, itabidi uilenge bunduki upya, na kwa mbogo sivitaki kabisa.

Ila bega silo linaloharibu shabaha. Ni woga. Agosti hii mgeni mwingine alitawanya risasi tatu kwenye boksi, mita 50 tu, hata sahani isingezifunika. Akailaumu darubini. Bosi akaiomba bunduki, akageuka, akapachika risasi bandia, akamrudishia bila neno. Kifyatulio kikalia "tik", na mdomo wa mtutu ukachovya chini kama kuku anayedonoa, mgeni kafumba macho yote mawili. Hakuna aliyecheka. Mimi nilijikaza.

Mchana kutwa akafyatua tupu, amesimama kwenye fimbo. Mezani hatukumweka, maana ukikaa mezani mwili umebanwa na bega linameza teke lote. Ukisimama, kiuno kinayumba nyuma na teke linapita. Tukaifungua breki, tukailenga bunduki upya kwa kuwa kuitoa kunaweza kuhamisha mahali risasi inapotua. Jua likiwa limeshuka kwenye miombo akapiga tatu, taratibu, akipumua katikati. Nikaenda kuangalia boksi nikiwa na kikombe changu cha chai mkononi. Nikakigeuza juu ya matundu. Yote matatu yakaingia ndani ya duara.

Mzee alikuwa amesimama pembeni yake muda wote huo. Sikio moja, hata hivyo, alikuwa ameliziba kwa kidole.