Nimekagua nyumba ya watu Fes, na sikudai urithi wa mtu

Ile voisi noti ya jamaa yangu inayozunguka kwenye magrupu, eti "fundi kaenda Moroko kudai urithi", ifuteni. Yeye hata hakuwepo ndani, alikuwa nyuma kule kwenye kona anabembelezana na mkewe kwenye simu.

Iko hivi. Jamaa anaishi Lyon, shemeji ni Mmoroko, wanatafuta kanyumba Fes el-Bali, ule mji mkongwe ambao UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 1981, gari haliingii, ni watu na punda tu. Mimi ni fundi ujenzi so nikabebwa kwenda kukagua kuta na maboriti.

Asubuhi dalali alitupa darasa kwa Kifaransa, jamaa anatafsiri. Kwamba nyumba nyingi mle hazijasajiliwa, zina karatasi ya umiliki inaitwa melkia inayoandikwa na maadul, yaani waandishi wa hati za kisheria, halafu wenyewe ni warithi kibao, mmoja akigoma kusaini imekula kwenu. Akamalizia, mkiwakuta wengine bado wanaishi humo msishangae, salimieni muendelee. Hiyo sentensi ndo imeniponza wadau.

Mchana, Ijumaa, watu wametoka kuswali, tunashuka mtaa wa Talaa Kebira tukakata kulia kushoto kulia, dalali yuko mbele anatembea ka anakimbizwa, mara nasikia "Balak! Balak!" yaani pisha njia, kugeuka ni punda na mitungi ya gesi na kichochoro chenyewe upana ni mabega yangu. Nikajibana kwenye mlango. Mlango ukafunguka, nikaingia kinyumenyume ka gari la taka.

Nikageuka. Ua safi, kuta zina zelliji, vile vigae vya rangi vya Kimoroko, mpaka kiunoni, mti wa ndimu katikati, na familia nzima imezunguka sinia la kuskusi. Nikasema moyoni aaa tumefika, na warithi ndo hawa. Assalaam aleikum! Wakaitikia vizuri tu, mzee mmoja akaniambia marhaba.

Nikatoa futi.

Jamani nilipima ule ua. Nikagonga ukuta, chokaa ikadondoka, nikamtazama mama mwenye nyumba nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikafungua kabati la ukutani mablanketi yakanimwagikia, nikayakunja nikayarudisha. Hakuna aliyesema kitu, vijiko viko hewani.

Nikaona nijue kabisa wa kusaini wako wangapi. Kiarabu changu ni cha madrasa na nilikuwa mtoro (maalim kama unasoma hapa nisamehe). Nikaanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja: "Warith? Warith? Warith?" Kimya. Nikataka kusema nimekuja kwa ajili ya ile nyumba ya mirathi, tunanunua, neno la kununua likagoma kuja. Nikaonyesha nyumba nikasema "bayt", nikasema "mirath", halafu nikajipiga kifuani, "ana".

Mama akaweka kijiko chini, taratibu. Akaangalia pua yangu. Akaangalia pua ya mzee. Akarudi kwenye yangu. Mzee akanyanyua mikono miwili juu, wallahi zinamtoka bila nukta, mama anauliza maswali mfululizo na mimi naambulia "Ifriqiya" tu, binti mmoja kashawasha kamera.

Na mimi na akili zangu zote nikajua hawajakubaliana bei. Nikaenda nikakaa karibu na mzee, nikamshika bega, nikamwambia kwa upole kabisa, "Pole, baba. Pole baba."

Mayowe yale hata mwenye punda alirudi kuchungulia.

Dalali ndo akatokea, nyumba yetu ilikuwa mlango unaofuata, akaelezea huku kakaa chini kwa kucheka, wakacheka wote isipokuwa mzee, nikalishwa kuskusi na chai ya mnanaa juu. Nyumba yenyewe boriti za mwerezi zimeoza na mrithi mmoja yuko Ubelgiji hapokei simu, jamaa kaachana nayo.

Ila leo asubuhi dalali kapiga, eti yule mama bado anataka kujua mama yangu anaitwa nani na miaka ile alikuwa anaishi wapi.