Tisheti Hazitoshi, Wapeni Vijana Ligi

Kila ikikaribia Siku ya UKIMWI Duniani, mitaa ya mabanda ya Nairobi hupata mashindano ya siku moja. Hema husimamishwa kando ya uwanja, spika hunguruma, vijana hugawiwa tisheti zenye ujumbe, na jioni kombe hukabidhiwa mbele ya kamera. Jumatatu msichana aliyebaki na swali hana wa kumuuliza, maana aliyeshika kipaza sauti amesharudi ofisini.

Naomba wafadhili wapeleke pesa hizo kwenye ligi inayochezwa wiki baada ya wiki, yenye kocha anayeishi mtaa uo huo.

Mathare walilionyesha hili zamani. MYSA, chama cha michezo ya vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada, kilifunga soka na usafi pamoja. Ushindi uwanjani una alama 3, lakini timu ikizoa taka na kuzibua mitaro hupata hadi alama 6. Ebu pigeni hesabu hiyo kwa akili ya mtoto wa miaka 12 anayetamani timu yake iongoze jedwali! Hangoji hotuba kuhusu kipindupindu. Jumamosi asubuhi yuko na koleo na toroli, na mtaro anaouzibua unapita mlangoni kwao. Elimu ya UKIMWI ilipoongezwa katika miaka ya tisini, vijana wenyewe ndio waliofundishana, na nadhani hapo ndipo penye siri yote: mambo ya mwili yanayomtia haya mbele ya mgeni, kijana humwambia beki anayecheza naye kila wiki. Wala soka haikudhoofika. Mathare United, iliyotoka humo humo, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008.

Kwa wasichana nina uchungu zaidi. Kabla ya mazoezi kuna maji ya kuchota na wadogo wa kulea, na mazoezi yakianza saa kumi na moja jioni, kurudi nyumbani ni kupita vichochoroni gizani. Mzazi akimkataza, mimi simlaumu. Anayetaka kumsaidia msichana huyu aanze na saa ya mazoezi, kocha mwanamke, sodo kwenye mkoba wa timu, na choo chenye mlango unaofungika. Mabango yatakuja baadaye.

Halafu kuna ardhi. Mathare, Kibera, Mukuru, kipande chochote kilicho wazi kinamezewa mate, na uwanja ukishazungushiwa mabati ligi imekufa, pamoja na darasa la afya lililokuwa likifanyika chini ya goli. Kaunti ya Nairobi ipime viwanja hivi kimoja kimoja, ivisajili kuwa mali ya umma, na ramani zake zibandikwe nje ya ofisi ya chifu ambapo kila mkazi ataziona.