Jiji lilipofika shambani Ayivu

Tangu tarehe 1 Julai 2020 Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni jiji, na Ayivu yote, kaunti ya mashamba inayouzunguka mji, imo ndani ya jiji hilo. Mtu wa Adumi, kule upande wa mpaka wa Congo, alilala mwanakijiji akaamka mkazi wa jiji, muhogo wake ukiwa palepale na mbuzi wake kwenye kamba ileile. Ukikaa leo kwenye banda la chai pale Oli, mtaa wa mjini, hutamaliza kikombe kabla hujasikia kwamba watu wa Ayivu hawataki maendeleo. Wanagombana na wapima ardhi, wanajenga bila ramani, na ng'ombe wao wanatembea barabarani kana kwamba wamekata leseni.

Mengine katika hayo ni kweli. Ng'ombe nimewahi kuwapisha mwenyewe, nikiwa juu ya boda.

Wanaolitetea jiji wana hoja nzito. Arua inajaa. Wafanyabiashara wanakuja, familia za Sudan Kusini zinatafuta nyumba za kupanga, na umeme wa gridi ya taifa uliofika mwaka 2024 umewaongezea hamu wenye pesa za kujenga. Nyumba zikiota kwanza, barabara itapita wapi, na maji machafu yataelekea wapi? Anayesema kijijini kila mtu alijenga apendavyo anasahau kwamba Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, Adumi ikiwemo. Kuhusu kodi ya majengo, sheria ilirekebishwa zamani ikaiondolea kodi hiyo nyumba anayoishi mwenyewe mwenye nyumba. Kwa hiyo ile habari inayozunguka Ayivu ya mzee kutozwa kwa kibanda chake cha nyasi ni uvumi, na wanasiasa waliozunguka nao wakitafuta kura walijua hivyo.

Hapo watetezi wa jiji hufunga mjadala. Lakini uvumi haushiki mahali pasipo na kitu cha kuushikilia, na kitu hicho wengi wetu wa mjini hatujajishughulisha kukitazama.

Mzee wa Ayivu mwenye miaka 75 hakujifunza kuhofia ardhi yake juzi. Mwaka 1975 serikali ya Amin ilitoa amri iliyoifanya ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma, na mwenye shamba la ukoo akawa mkaaji tu anayevumiliwa. Amin alikuwa mtoto wa hukuhuku West Nile, eneo letu hili, na hilo halikumsaidia yeyote. Ni Katiba ya 1995 iliyosema ardhi ni mali ya raia na kuitambua milki ya kimila sawa na nyingine. Ina maana kwa miaka 20 mzee huyu alilima shamba la babu yake akiwa, kisheria, kama mgeni. Leo anakuja kijana mwenye fulana ya kung'aa na kifaa cha miguu mitatu, hajasalimia, anapigilia vigingi. Tunashangaa viking'olewa usiku?

Halafu kuna makaburi. Mlugbara, mtu wa kabila la hapa, huzikwa nyumbani kwake, karibu na mlango, pamoja na waliomtangulia. Ukikata shamba kuwa ploti za futi 50 kwa 100, mstari wa mpimaji utapita juu ya mtu fulani. Katiba inasema fidia ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu ilikazia jambo hilo mwaka 2015. Lakini barabara ya mtaa inapopanuliwa, mara nyingi mwenye shamba huletewa karatasi asaini kwamba mita zake amezitoa kwa hiari. Wapo wanaotoa kwa moyo mweupe, kwa sababu barabara ni yao pia. Wapo wanaosaini kwa sababu kijiji kizima kinawatazama.

Hata hivyo, jambo linaloniumiza kichwa mimi limo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, nalo ni namba mbili tu. Gombolola, au sabukaunti kama wengi wanavyosema, inakusanya ushuru wake na kubaki na asilimia 65. Asilimia 35 inakwenda wilayani. Divisheni ya jiji inabaki na asilimia 50, na nusu ya pili inakwenda makao makuu ya jiji. Chukua shilingi 1,000 ya mama anayeuza mihogo kwenye soko la kijiji. Zamani 650 zilibaki kwenye gombolola yake. Leo zinabaki 500, na hizo 500 haziko tena kwenye ofisi aliyoweza kuifikia kwa miguu. Ziko divisheni, na jiji zima lina divisheni 2 tu, Central na Ayivu. Adumi, Aroi, Manibe na jirani zao kila moja ilikuwa na mwenyekiti wake wa LC3, yaani wa ngazi ya gombolola, baraza lake na chifu wake wa gombolola. Hayo yote yamekunjwa pamoja. Mama yule analipa ushuru uleule kwenye soko lilelile, ila shilingi zake zimesogea mbali naye mara mbili, mara ya kwanza kwa asilimia na mara ya pili kwa kilomita.

Najua nitakavyojibiwa. Asilimia 65 ya pesa kidogo ni kidogo. Tangu kodi ya kichwa ifutwe mwaka 2005 magombolola mengi yamekuwa maskini, yakingoja ruzuku kutoka Kampala hata kwa chaki za ofisini. Afadhali nusu ya mfuko mkubwa. Hesabu hiyo naikubali, mradi mfuko uwe kweli mkubwa na barabara zifike. Lami nzuri tuliyoiona Arua, ile ya USMID, mradi wa serikali wa miundombinu ya miji ulioanza mwaka 2013 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijengwa kwa ajili ya manispaa ya zamani. Ukitoka mjini kuelekea Ayivu unajua lami imeishia wapi bila kufungua macho.

Kwa hiyo ninapomsikia kansala, yaani diwani, wa mjini akisema watu hawa wanahitaji kuelimishwa, najiuliza waelimishwe nini. Ninaowajua mimi hawajaomba Ayivu itolewe jijini. Wanaomba masharti ya jiji yasitangulie huduma za jiji. Wanataka shamba linalolimwa lisihesabiwe kuwa ploti tupu, mpimaji apitie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na wazee wa ukoo kabla ya kushusha vigingi, na soko la kijiji lionyeshwe choo kilichojengwa kwa ile nusu. Mabaraza ya divisheni yana mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo inayotofautisha Manibe yenye mashamba na mtaa wa Oli wenye nyumba zilizobanana haihitaji ruhusa ya Bunge. Inahitaji makansala wachache waliokaa chini ya mwembe jioni moja na kusikiliza.

Ofisi pekee ambayo haikuhama ni ya LC1. Kijiji sasa kinaitwa seli, parokia, ngazi ya serikali iliyo juu ya kijiji, inaitwa wodi, lakini mwenyekiti alibaki yuleyule aliyechaguliwa tarehe 10 Julai 2018 kwa watu kupanga foleni nyuma yake, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa vijiji. Nilikwenda kwa mmoja wao kutafuta barua ya utambulisho. Akaitoa mihuri kwenye mfuko wa plastiki. Ule mpya wa jiji, akasema, hajaletewa bado. Akagonga wa zamani, wenye jina la gombolola ambayo haipo tena, na benki ikaupokea.